Andiko la mradi kwa msaada wa akili mnemba: mwongozo kwa mashirika madogo ya Tanga

Kabla ya kufungua ChatGPT, Claude, Gemini au Copilot, fungua makabrasha ya shirika. Zana hizi zimejifunza kuandika kutokana na maandishi mengi mno, na humo maandiko ya miradi yamo tele. Ukiiambia zana "niandikie andiko la mradi wa mwani Tanga", kwa dakika moja itakupa kurasa tano zenye vichwa vyote vinavyotakiwa na lugha safi, lakini hutakuta humo sentensi ambayo shirika la Lindi au Mombasa lisingeweza kuinakili kama ilivyo. Msomaji wa upande wa mfadhili amekwisha kuzichoka kurasa hizo. Kinacholibeba andiko lako ni mambo ambayo zana haina njia ya kuyajua: daftari la kikundi, risiti ya mnunuzi, muhtasari wa kikao cha kijiji.

Ukurasa wa ukweli

Andaa faili moja la kurasa mbili au tatu, kwa Kiswahili cha kawaida, bila mapambo. Kila mstari upewe namba, ubebe jambo moja, na mwishoni utajwe umetoka wapi na lini. Chukua mfano wa kikundi cha kubuni cha wakulima wa mwani katika pwani ya Mkinga:

1. Wanachama 34: wanawake 29, wanaume 5. (Daftari la kikundi, Januari)
2. Wanalima kwa vigingi na kamba kwenye maji mafupi. Hakuna mwenye boti. (Ziara ya afisa mradi, Februari)
3. Mwani unaanikwa mchangani. Mnunuzi alikata bei mara mbili msimu uliopita kwa sababu ya mchanga. (Risiti mbili, zipo ofisini)
4. Kikao cha kijiji kimekubali kutoa eneo la vichanja na ghala. (Muhtasari wa Machi, umesainiwa na mtendaji)
5. HATUJUI: kila mwanachama anapata kilo ngapi kavu kwa mzunguko mmoja.

Usiuone mstari wa tano ni wa kujiaibisha. Zana isipoambiwa kwamba jambo halijulikani, italijaza yenyewe kwa namba inayopendeza, na namba hiyo itapenya hadi kwenye viashiria, yaani vipimo vya mafanikio ya mradi, kisha kwenye mkataba. Miezi 18 baadaye mtadaiwa ongezeko la asilimia fulani juu ya kilo ambazo hakuna aliyewahi kuzipima. Ukiona HATUJUI kwenye jambo zito, mpe mtu mzani na nauli aende akapime kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Ikishindikana, weka upimaji wa hali ya awali kuwa shughuli ya mwezi wa kwanza, na uiwekee fedha. Wafadhili wengi hulikubali hilo.

Ukurasa huu unatumika tena na tena. Mwito, yaani tangazo la mfadhili la kuomba maandiko, ukibadilika, unaongeza mistari na kusahihisha tarehe, huanzi upya.

Kusoma mwito

Zana hufanya vizuri sana kazi ya kuchambua mwito wa kurasa 40. Pakia PDF, kisha omba jedwali lenye: sifa za mwombaji, eneo la mradi, kiwango cha chini na cha juu cha fedha, mchango wa shirika lenyewe, kikomo cha maneno kwa kila sehemu, viambatisho, mgawanyo wa alama, na siku na saa ya mwisho. Dai kila jibu liambatane na namba ya ukurasa. NotebookLM, zana ya Google, inafaa hapa kwa kuwa hujibu kutokana na nyaraka ulizopakia na kuonyesha kifungu ilikochukua jibu.

Baada ya hapo fungua kurasa hizo mwenyewe. PDF iliyopigwa skani huwa ni picha tu, na zana inaweza kusoma nusu yake bila kukuambia. Majedwali yenye safu zilizounganishwa huvurugika, kiasi kwamba kiwango cha fedha cha dirisha (kundi la ruzuku) la kwanza kinahamia dirisha la pili. Sharti lililofichwa kwenye tanbihi, mathalani la miaka mitatu ya hesabu zilizokaguliwa, hurukwa.

Saa nazo ziangalie kwa jicho kali. Mwito ukisema 17:00, hiyo ni saa 11 jioni, na zana nyingine zikiandika Kiswahili hukuletea "saa 5 jioni". Tena uliza ni saa za wapi. Saa 6 mchana ya Brussels ni saa 7 mchana Tanga wakati wa kiangazi cha Ulaya, na saa 8 mchana wakati wa baridi yao.

Katika usomaji huohuo tafuta kifungu kinachohusu akili mnemba. Wafadhili hawafanani: kuna wanaoruhusu, kuna wanaotaka utamke umeitumia wapi, na kuna walioweka kizuizi. Kwa mfano, taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, NIH, ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 25 Septemba 2025 haitashughulikia maombi ambayo sehemu kubwa yake imetungwa na akili mnemba, na ikaweka kikomo cha maombi sita kwa mtafiti mkuu mmoja kwa mwaka. Shirika la Muheza au Korogwe linaloingia ubia na watafiti wa malaria linapaswa kulijua hilo kabla ya kikao cha kwanza. Mwito ukiwa kimya, mwandikie barua pepe afisa wa mfadhili umuulize. Ni swali la mistari miwili, na jibu lake utalitunza.

Agizo linalozaa kitu

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuomba andiko zima kwa mpigo mmoja. Anza kwa kuifanya zana ikuulize wewe. Bandika ukurasa wa ukweli na jedwali la mwito, kisha agiza hivi:

"Usiandike andiko bado. Niulize maswali yasiyozidi 12, moja baada ya jingine, kuhusu mambo ambayo msomaji wa mfadhili atataka kuyajua na hayamo kwenye ukurasa wangu. Nikijibu 'sijui', weka jambo hilo kwenye orodha ya mapengo. Usikisie."

Maswali matatu au manne yatakuwa ya kawaida mno. Mengine yatakuumbua, na bora ukaumbuliwe hapo: nani atamiliki ghala? Kikundi kimesajiliwa halmashauri? Mnunuzi akiwa mmoja tu, bei itapandaje hata mwani ukiwa safi?

Ukishajibu, andika sehemu moja moja:

"Andika sehemu ya tatizo kwa maneno 350. Tumia taarifa zilizomo kwenye ukurasa wa ukweli peke yake. Kila takwimu ifuatwe na namba ya mstari ilikotoka, kwenye mabano. Palipo na upungufu andika PENGO. Usitaje utafiti wowote ambao sijakupa."

Zile namba za mistari utazifuta mwishoni. Kazi yake ni kukuonyesha kwa mtazamo mmoja sentensi zisizo na msingi: aya nzima isiyo na namba hata moja ni maneno matupu, ifute au itafutie ukweli. Hesabu ya maneno usiiachie zana, maana hukosea. Hesabu kwa Word, na uangalie kama kikomo ni cha maneno au cha herufi.

Mfadhili akitaka Kiingereza, jadiliana na zana kwa Kiswahili hadi hoja isimame, ndipo uombe sehemu iliyokamilika kwa Kiingereza. Kisha chukua Kiingereza hicho, fungua zana ya pili, na uombe ikirudishe kwenye Kiswahili bila kuonyeshwa maandishi ya awali. Ahadi iliyovimba njiani utaiona hapo: "tutajaribu vichanja viwili" imekuwa "tutaanzisha miundombinu ya kisasa ya ukaushaji".

Mahali zana zinapokosea kuhusu Tanga

Takwimu za zamani huja zikiwa zimevaa nguo mpya. Sensa ya 2012 iliupa mkoa wa Tanga watu 2,045,205. Ya 2022 inasema 2,615,597. Zote mbili zimetapakaa mtandaoni, na zana inaweza kukupa ya kwanza bila kutaja mwaka. Chukua namba kutoka ripoti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uiweke kwenye ukurasa wa ukweli pamoja na mwaka wake.

Ukiomba orodha ya wafadhili, usishangae kukuta USAID. Msaada wa nje wa Marekani uliondolewa mikononi mwa shirika hilo tarehe 1 Julai 2025 na kupelekwa wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo, ila maandishi mengi ambayo zana zimejifunza ni ya kabla ya hapo. Orodha ya wafadhili kutoka kwenye zana ichukulie kama fununu: kila jina lifungulie tovuti yake, uone kama kuna mwito ulio wazi mwaka huu.

Utafiti wa kubuni ni hatari kuliko yote. Jina la mwandishi linaaminika, mwaka upo, jarida lipo, makala haipo. Usiiulize zana hiyohiyo kama marejeo yake ni ya kweli, kwa kuwa mara nyingi itakuhakikishia. Tafuta kichwa cha makala mwenyewe, na usipoipata, itoe.

Utawala wa mahali nao huchanganywa. Kwetu ni kitongoji, kijiji au mtaa, kata, tarafa, wilaya. Ukiona shehia, umepelekwa Zanzibar. Ukiona chifu na kaunti ndogo, umevushwa mpaka wa Horohoro. Msomaji wa ubalozini huenda asigundue, lakini andiko hilohilo litapita kwa afisa maendeleo ya jamii, naye atagundua mara moja.

Ratiba ndiyo inayofichua zaidi kwamba mwandishi hajakanyaga pwani. Zana itapanga "mafunzo kila Jumatatu" na "ziara ya ufuatiliaji mwanzo wa kila mwezi". Bahari haina habari na Jumatatu. Kilimo cha vigingi na kamba hufanyika maji yakikupwa sana, siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Siku hizo wanawake wako majini. Ukiitisha mafunzo, utapata wazee na watoto. Mafunzo yawekwe siku za maji mafu, yaani yasipokupwa sana, na ziara za kuona mashamba ziwekwe siku za bamvua. Mzunguko mmoja, kupanda hadi kuvuna, ni kama wiki sita, kwa hiyo robo ya mwaka ina mizunguko miwili, na viashiria vya kila robo vipangwe hivyo. Masika ya Machi hadi Mei haifai kwa kuanikia wala kwa kujengea ghala. Andika haya yote kwenye ukurasa wa ukweli kabla ya kuomba ratiba, na utaona zana inavyobadilika kuwa na akili.

Kuna mtego mwingine wa mwani unaofaa kutazamwa kwa karibu. Zana husoma kwamba, kati ya aina mbili za mwani, cottonii ina bei nzuri kuliko spinosum, ikapendekeza kikundi kihamie cottonii. Kweli bei ni nzuri. Lakini cottonii haivumilii joto la maji mafupi. Huugua, hukatika na kufa. Kuilima kwenye kina kirefu kunataka boti, kamba za kuelea, nanga, majaketi ya kuokolea na watu wanaojua kuogelea. Pendekezo la sentensi moja limebadilisha bajeti nzima, na kwa kikundi cha wanawake 29 wasio na boti linaweza kuwapa wanaume watano mradi wote. Hali kama hizi zipo kila sekta: mkonge wa Korogwe, mboga za Lushoto, maziwa. Pendekezo la kitaalamu kutoka kwenye zana lipitie kwa afisa ugani kabla ya kuingia kwenye andiko.

Bajeti iwe Excel

Zana isaidie kuorodhesha mistari ya bajeti uliyoisahau: ada ya benki, ukaguzi wa hesabu, usafiri wa majini, tafsiri ya ripoti. Bei zitoke kwenye ankara za kifani (proforma), angalau tatu kwa vitu vikubwa, kutoka maduka ya Tanga mjini. Hesabu zifanywe na fomula za Excel. Zana za lugha huzidisha kwa kukisia zisipotumia kikokotoo, na jumla iliyopotoka kwa shilingi 50,000 inatosha kumtia msomaji shaka.

Hesabu inayokosewa zaidi ni ya gharama za uendeshaji. Tuseme mfadhili anaruhusu asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja, yaani za shughuli zenyewe, na ruzuku yote haiwezi kuzidi shilingi 60,000,000. Wengi, na zana pamoja nao, huchukua asilimia 7 ya milioni 60 na kupata 4,200,000. Hapo umezidisha. Gawa 60,000,000 kwa 1.07: gharama za moja kwa moja ni 56,074,766 na za uendeshaji ni 3,925,234. Tofauti ni 274,766, na ndiyo ambayo mfadhili ataikata au ataitumia kukurudishia andiko.

Ukimaliza, ipe zana maelezo ya shughuli na bajeti kwa pamoja, uiagize: "Taja kila shughuli isiyo na mstari wa bajeti, kila mstari usio na shughuli, na kila mahali idadi ya watu au siku inatofautiana." Kazi hii inaifanya vizuri kuliko mtu aliyekesha. Itakuonyesha kwamba maelezo yanasema washiriki 34 kwa siku tatu huku chakula kimewekwa kwa watu 30 kwa siku mbili.

Jambo moja la kisheria halitakuja lenyewe kwenye ratiba. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali zilizorekebishwa 2018 zinalitaka shirika linalopata fedha zinazozidi shilingi milioni 20 kuwasilisha mkataba Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Usipange shughuli za kijijini kuanza wiki ileile ya kusaini.

Kuhusu uendelevu, zana hupenda kuandika kwamba jamii itaumiliki mradi. Andika badala yake nani atanunua kamba za mwaka wa tatu na kwa fedha ipi: makato ya kila kilo inayouzwa, akiba ya kikundi, au mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Majina ya watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inahusu hata shirika la watu watatu lenye ofisi ya chumba kimoja. Ukipakia orodha ya mahudhurio yenye majina, simu na namba za NIDA kwenye zana ambayo seva zake ziko ng'ambo, umezisafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Badilisha majina kuwa M01, M02 na kuendelea. Ufunguo wa majina ubaki kwenye daftari ofisini. Taarifa za afya, za watoto, na za waliofanyiwa ukatili zisipakiwe kabisa, hata bila majina, kwa sababu kwenye kijiji kidogo "mjane wa miaka 26 mwenye duka karibu na shule" anajulikana na kila mtu.

Ingia kwenye mipangilio ya akaunti na uzime kipengele kinachoruhusu mazungumzo yako kutumika kuifunza zana. Akaunti iwe ya shirika, kwa barua pepe ya shirika. Ikiwa ni ya kijana wa kujitolea, siku akipata ajira Dodoma anaondoka na historia yote. Huduma ya kulipia ya ChatGPT au ya Claude ni kama dola 20 kwa mwezi. Kwa shirika linaloandika maandiko mawili au matatu kwa mwaka, ya bure inatosha, au lipia mwezi mmoja wenye kazi nyingi na usitishe.

Kulipima kabla ya kulituma

Fungua mazungumzo mapya, ili zana isikumbuke kwamba ilishiriki kuandika. Ipe vigezo vya alama vya mfadhili na andiko lililokamilika. Ukiuliza "unalionaje?", itakusifu, ndivyo zilivyo. Uliza hivi: "Toa alama kwa kila kigezo. Kwa kila alama uliyonyima, nukuu sentensi iliyosababisha au taja kinachokosekana. Kisha taja sababu tatu za kulikataa andiko hili." Rekebisha, rudia mara moja, halafu acha. Ukizidisha raundi, andiko linarudi kwenye ile lugha ya kila mtu, kwa kuwa kila pendekezo linachonga kona moja iliyokuwa ya kwenu.

Kipimo cha pili ni cha watu. Andika muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja: tunaahidi nini, kwa niaba ya nani, lini, kwa shilingi ngapi. Mwenyekiti wa kikundi ausomee wanachama, na mtendaji wa kijiji awepo. Zana imeandika "wanawake watahudhuria vikao 24 vya mafunzo". Waulize kama wana nafasi hiyo. Wakisema 10, rekebisha andiko, viashiria na bajeti siku hiyohiyo, na pitisha tena ulinganisho wa shughuli na bajeti, maana badiliko moja huacha namba za zamani sehemu tatu.

Tunza folda yenye mwito, ukurasa wa ukweli wa tarehe hiyo, nakala iliyotumwa na kumbukumbu fupi ya sehemu zilizosaidiwa na zana. Mfadhili akiuliza, mnajibu bila kuhangaika. Akikataa na kutoa sababu, sababu hizo zinaingia kwenye ukurasa wa ukweli kama mistari mipya. Tuma angalau siku moja kabla: viambatisho vilivyopigwa skani kwa simu huwa vizito kupita kikomo cha mfumo wa maombi, kuvipunguza kunachukua muda, na umeme ukikatika saa ya mwisho hakuna wa kumlalamikia.